Sura ya 7: Chumba Kwanza, Spika Baadaye

Soketi ya kawaida ya nyumbani nchini Kenya hutoa umeme wa volti 240, na plagi yake ya meno matatu hubeba fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha 240 kwa 13, utapata wati 3,120. Chombo chochote kikijaribu kuvuta zaidi ya hapo kwa muda, fyuzi itakatika. Sasa tembea madukani Makutano mjini Meru, au katikati ya mji wa Embu, usome maboksi ya wufa yaliyopangwa mlangoni. Si ajabu kukuta moja limeandikwa wati 8,000, jingine 12,000, na pembeni herufi nne: PMPO. Herufi hizo zinahesabu mshindo wa kufumba na kufumbua, uliopimwa kwa njia ambayo kila kiwanda hujichagulia. Wati za kweli, zile ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo bila sauti kukwaruza, huandikwa RMS, na kwenye chombo hicho hicho huenda zikawa 60 au 100.

Mnunuzi anayetaka redio ya kuchangamsha sebule anaweza kuzipuuza hesabu hizi. Lakini aliyetenga chumba kizima kwa ajili ya filamu, akakubali kutumia akiba ya miaka, anastahili ukweli wote. Sura hii ni yake, na ina neno moja la kushika: chumba kina nguvu juu ya sauti kuliko chombo chochote utakachokinunua. Kuta, dari na mahali pa kuketi huamua besi utakayoisikia kuliko jina lililochapwa kwenye boksi. Ndiyo maana tunaanza na tepu ya kupimia, na pochi inabaki mfukoni kwa kurasa kadhaa.

Nyumba ya mawe na nyumba ya mbao

Kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kuanzia Runyenjes kupita Chogoria hadi Nkubu, utakuta nyumba za mbao na nyumba za mawe ya kuchonga zikiwa jirani. Kwa mtu wa filamu, hizo ni dunia mbili.

Ukuta wa mawe uliopigwa plasta hauyumbi. Sauti nzito ikiugonga hurudi karibu yote, ikakutana na inayofuata, na chumba kikaanza kunguruma. Sakafu ya saruji au ya taili hufanya vivyo hivyo kwa sauti nyembamba: piga kofi moja katika chumba kitupu cha mawe, utasikia mlio mkali ukicheza kati ya kuta. Mlio huo ndio utakaoyala maneno ya waigizaji. Ukuta wa mbao hutikisika kidogo, na kwa kutikisika humeza sehemu ya besi na kuipitisha nyingine nje. Kwa hiyo chumba cha mbao huwa na besi tulivu iliyo rahisi kusawazisha, ila huhitaji sabufa yenye nguvu zaidi, na walio chumba cha pili watasikia kila kitu.

Paa la mabati lina sharti lake. Upande huu wa mlima hupata mvua nzito kati ya Oktoba na Desemba, na chumba cha mabati yasiyo na dari hakina spika itakayoshindana nayo. Weka dari ya jipsamu au ya mbao, na juu yake tandaza pamba ya mwamba, ile inayouzwa kwa ajili ya kuzuia joto. Bana vizuri kila ubao wa dari, maana usiobanwa utalia pamoja na besi.

Wengi hubandika trei za mayai ukutani wakiamini zinazuia sauti. Trei hutawanya kiasi kidogo cha sauti nyembamba, hazifanyi lolote kwa besi, na hushika moto upesi. Vipande vya godoro ni hatari zaidi, kwa sababu vikiwaka moshi wake ni sumu. Kinachofaa ni fremu za mbao za grevilea, ule mti uliopandwa kando ya mashamba mengi ya kahawa, zijazwe pamba ya mwamba yenye unene wa sentimita 10 na kufunikwa kwa kitambaa chepesi. Jaribu kitambaa kwa mdomo: ukipuliza pumzi ikapita, sauti nayo itapita. Leso ya pamba inatosha kabisa. Ukiziacha fremu mbali kidogo na ukuta, zitameza sauti nzito zaidi. Zitundike pale ambapo sauti ya spika hugonga ukuta kabla ya kukufikia, na nyingine nyuma ya kichwa chako. Ongeza zulia nene na mapazia mazito, kisha piga kofi tena usikilize tofauti.

Kipimo kinachoamua besi

Katika hewa ya nyuzijoto 20, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Mawimbi yake hupimwa kwa hezi, yaani mitikisiko ya sekunde moja. Wimbi la hezi 34 lina urefu wa mita 10 hivi. Chumba chenye urefu wa mita 5 ni nusu ya wimbi hilo kamili, kwa hiyo likienda na kurudi linajikuta lenyewe. Karibu na kuta za mwisho besi hiyo huvimba. Katikati ya chumba hutoweka. Watu wawili wanaotazama filamu moja, mmoja ukutani na mwenzake katikati, wanasikia besi mbili tofauti kabisa.

Hesabu ni nyepesi. Gawanya 343 kwa urefu wa chumba mara mbili. Mita 5 zinakupa hezi 34, upana wa mita 4 unakupa 43, na dari ya mita 2.7 inakupa 64. Hizo ndizo noti ambazo chumba chako kitazikuza kikipata nafasi. Chumba cha mraba, mita 4 kwa 4, kinazirundika noti mbili mahali pamoja, na besi yake huwa ya noti moja inayovuma filamu nzima.

Hapa watu wa Meru na Embu wana bahati ambayo mpangaji wa Nairobi hana. Wengi hujenga kwenye shamba lao wenyewe, na chumba kinaweza kupimwa kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Uwiano mmoja unaojulikana sana kwa wajenzi wa studio ni 1 kwa 1.4 kwa 1.9. Ukiwa na dari ya mita 2.8, upana uwe 3.9 na urefu 5.3. Noti kuu zinakuwa hezi 32, 44 na 61, zimeachana vizuri. Mwambie fundi wa mawe vipimo hivyo siku ya kuchora msingi, kwa sababu baada ya linta kufungwa hakuna spika itakayovibadilisha.

Kiti nacho kina mahali pake. Usikiegemeze ukuta wa nyuma na usikiweke katikati kabisa. Anza na theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa nyuma. Katika chumba cha mita 5 hiyo ni mita 1.7, na inakuachia zaidi ya mita 3 hadi kwenye skrini.

Spika tatu za mbele

Dolby Digital, sauti ya kidijitali yenye mpangilio wa 5.1, iliingia sinema mwaka 1992 kupitia filamu ya Batman Returns: spika tatu mbele, mbili za pembeni au nyuma, na njia ya pekee ya besi isiyopita hezi 120, ambayo ndiyo ile .1. Mwaka 2012 filamu ya Brave ikaleta Dolby Atmos, yenye sauti zinazopita juu ya kichwa. Mnunuzi wa leo huambiwa aanze na kumi na moja. Mimi nasema aanze na tatu.

Sehemu kubwa ya maneno katika filamu hutoka spika ya katikati. Ikiwa dhaifu, mtazamaji huongeza sauti ili asikie mazungumzo, kisha bomu likilipuka anakimbilia rimoti. Hiyo ndiyo kero kubwa ya filamu nyumbani, na hutibiwa kwa spika nzuri ya katikati, iliyo ya familia moja na za kushoto na kulia ili sauti ya gari linalovuka skrini isibadilike njiani. Twita zao, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio ya aliyeketi, kama mita 1 kutoka sakafuni. Za kushoto na kulia zipige pembe ya nyuzi 30 hivi kila upande kutoka kitini. TV iliyotundikwa karibu na dari huivuta spika ya katikati juu pamoja nayo, kwa hiyo ishushe.

Huhitaji minara ya kimo cha mtu. Sabufa ikipokea kila kilicho chini ya hezi 80, spika ndogo za kuwekwa juu ya stendi zinafanya kazi iliyobaki kwa ufasaha. Jaza stendi mchanga ili zitulie. Pesa zilizobaki ziende kwenye ubora.

Ukisoma karatasi ya spika, tafuta ni desibeli ngapi inatoa kwa wati 1 ukiwa mita 1 mbele yake. Chukua spika ya desibeli 88. Wati 100 zitaifikisha 108. Wati 200 zitaifikisha 111, yaani umeongeza amplifaya maradufu ukapata nyongeza ndogo. Spika ya desibeli 91 ingekupa nyongeza ile ile bila wati hata moja ya ziada. Sinema halisi huandaliwa ili kila spika kuu iweze kufika desibeli 105 kwa sekunde za kishindo. Nyumbani wengi huridhika desibeli 10 hadi 15 chini ya hapo, na masikio yao hudumu.

Spika za pembeni zije baadaye, zikizingatia unachotazama. Filamu zenye simulizi za DJ Afro, zilizojaza vibanda vya video na sebule za Kenya kwa miaka, hubebwa na sauti ya msimulizi juu ya filamu yenyewe, na spika za nyuma hazina kikubwa cha kusema hapo. Anayependa hizo, mpira na habari, atafurahia tatu za mbele kwa muda mrefu. Anayetazama huduma za intaneti zinazotuma 5.1 atazihitaji mbili zaidi, zikae kando yake na nyuma kidogo.

Sabufa: boksi, tundu na idadi

Wufa nyingi za sebuleni huanza kuchoka kwenye hezi 50 au 60. Zinapiga kwa nguvu juu ya hapo, na mguso huo wa kifuani huwaridhisha wengi dukani. Lakini ngurumo ya filamu hushuka hadi hezi 20 na kitu, na chini huko ndiko sabufa halisi hufanya kazi. Tafuta yenye koni ya inchi 10 au 12 inayofika hezi 25 hadi 30 kwa uaminifu.

Kuna maboksi ya aina mbili. Boksi lililofungwa kabisa lilipata umaarufu baada ya Mmarekani Edgar Villchur kulitoa mwaka 1954. Besi yake hupungua polepole inaposhuka, na chumba kidogo kilichofungwa vizuri huiongezea nguvu chini kabisa. Boksi lenye tundu hutoa sauti kubwa zaidi karibu na noti lililotengenezewa, kisha huanguka ghafla chini yake. Kwa chumba cha mawe chenye mlango unaobana, chagua lililofungwa. Kwa nyumba ya mbao, au sebule iliyoungana na jikoni, lenye tundu litakusaidia, kwa kuwa chumba hakitaongeza chochote.

Ukiwa na pesa za sabufa moja kubwa sana, nunua mbili za wastani. Mwaka 2002 Todd Welti wa kampuni ya Harman alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba sabufa mbili zilizowekwa katikati ya kuta zinazotazamana husawazisha besi kwa viti vingi. Sababu yake inafuata tulichokwisha kuhesabu. Katikati ya ukuta wa mbele ndipo noti ya upana wa chumba inapotoweka, kwa hiyo sabufa iliyo hapo haiiamshi. Na noti ya urefu, inayosukuma upande mmoja huku ikivuta upande wa pili, hufutwa na sabufa mbili zinazosukuma pamoja kutoka pande zote mbili. Kuongeza sauti kusingelifuta shimo la besi lililo katikati ya chumba kamwe. Ni mahali zilipowekwa ndipo panapolifuta.

Mwenye sabufa moja ana njia iliyojaribiwa. Iweke juu ya kiti chako cha kutazamia, cheza muziki wenye gita la besi linalopanda na kushuka, kisha tambaa kando ya kuta, kichwa chini. Mahali ambapo kila noti inasikika kwa nguvu sawa, hapo ndipo pa sabufa. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa itatetemeka nayo. Weka chini yake kipande cha slebu juu ya mpira wa tairi kuukuu.

Kuna wanaochukua sabufa ya gari na kuitia kwenye boksi la nyumbani, kwa sababu besi ya matatu za njia ya Embu hadi Meru imewakaa moyoni. Ndani ya gari hewa ni ndogo kuliko wimbi la besi, kwa hiyo koni huibana hewa yote kwa pamoja na noti za chini hupanda zenyewe. Koni ile ile ikiingia chumba cha mita 5 hupoteza msaada huo na kusikika kama imepungukiwa. Aidha nyingi ni za omu 2 au 4, na risiva ya nyumbani, yaani amplifaya inayogawa sauti kwa spika zote, ikilazimishwa kuziendesha itapata moto na kujizima. Anayeipenda kwa dhati aitafutie amplifaya yake, na boksi lililopigiwa hesabu upya.

Dukani na kwa fundi

Floyd Toole alianza kazi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada mwaka 1965, na kwa miongo akawaketisha watu nyuma ya pazia wasione spika wanazosikiliza. Walikubaliana kwa kiasi cha kushangaza: walipenda spika zisizokuza wala kuficha noti yoyote. Walipoziona, bei na umbo viliwayumbisha. Fanya vivyo hivyo dukani. Mwombe rafiki abadilishe spika nawe ukiwa umefumba macho, na ahakikishe sauti zinalingana, kwa kuwa iliyo juu kidogo hushinda hata ikiwa mbovu. Beba wimbo wa sauti ya mtu unayemjua anapozungumza, na onyesho la filamu lenye mnong'ono. Sikiliza kwa sauti ya chini kwanza.

Vifaa vya ex-UK, yaani vilivyokwisha kutumika Uingereza, vina thamani kubwa kwa anayejua kuvikagua. Umeme wa Uingereza na plagi yake vinaafikiana na vya kwetu. Cha kutoka Marekani au Japani hutaka volti 120 au 100, na kikichomekwa moja kwa moja kitaungua. Ondoa wavu wa spika utazame mpira unaozunguka koni: wa sponji huoza na kumeguka, wa mpira halisi hudumu. Sukuma koni polepole kwa vidole vilivyotandazwa, na ukisikia mkwaruzo, irudishe.

Fundi wa mbao anaweza kukutengenezea boksi bora. Tangu kazi za Neville Thiele na Richard Small, kati ya miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, ukubwa wa boksi hukokotolewa kutokana na takwimu za koni yenyewe. Mpe fundi takwimu hizo na plaiwudi au MDF ya milimita 18. Mbao mbichi hupinda na unyevu, na ufa mwembamba tu hufanya boksi lipige mluzi.

Umeme na jirani

Maji ya Tana hupita Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mabwawa yanayopakana na Embu, na Kindaruma imezalisha umeme tangu 1968. Ukaribu huo haumhakikishii mtu volti tulivu, kwa kuwa laini ndefu ya kijijini na transfoma inayohudumia wengi ndizo huamua kinachofika kwako. Nunua kilinzi cha volti kinachokata umeme unapopanda au kushuka kupita kiasi. Msimu wa radi, chomoa plagi na waya wa dishi. Waya huo huo wa dishi mara nyingi ndio chanzo cha mvumo wa hezi 50 ambao sabufa huutoa usiku kucha. Uchomoe, mvumo ukiisha, mwite fundi akague waya wa ardhi.

Sheria nayo ipo. Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009 zinaweka kiwango cha nje, maeneo ya makazi, kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wake huanza baada ya saa mbili. Besi hupenya ukuta kuliko sauti yoyote. Mpangaji wa ghorofa za Makutano au Majimbo aweke sabufa iliyofungwa mita moja nyuma ya kiti chake. Ataisikia yote, na jirani ataisikia kidogo.

Kugawa shilingi mia

Katika kila shilingi 100 za bajeti, napendekeza 40 ziende kwa spika tatu za mbele, 30 kwa sabufa, 20 kwa risiva, na 10 kwa chumba chenyewe: fremu, zulia, mapazia. Hiyo 10 ndiyo huachwa mara kwa mara, nayo ndiyo hurudisha faida kubwa kuliko nyingine zote. Iweke kwanza. Spika za pembeni na sabufa ya pili zifuate kadiri akiba inavyoruhusu, kwa kuwa risiva nzuri itazisubiri.

Mambo yakishakamilika, usiwapigie wageni bomu. Wachezee mazungumzo ya watu wawili kwa sauti ya chini, na mzee wa nyumba aketi kiti cha pembeni kabisa. Akifuata kila neno bila kuinama mbele, na besi ikaja baadaye bila kitu chochote kulia ukutani, pesa zako zimekwenda zilikostahili.